Spea ya Vitz: nilivyoitafuta kutoka Mabira hadi Busia

Nauza vitenge hapa Busia, upande wa Uganda. Kila baada ya wiki mbili naenda Kampala kufuata mzigo, karibu kilomita mia mbili kwenda na hizo hizo kurudi, na gari langu ni Toyota Vitz ya mwaka 2003 yenye injini ya sisi 1,000. Siku niliyoinunua kwenye bondi, yaani yadi ya magari yaliyoagizwa, nilikagua rangi, nikasikiliza injini, nikajaribu taa zote na redio. Zulia la buti sikuliinua. Nilikuja kuliinua siku ya tatu nikiwa nyumbani, nikakuta shimo la spea, yaani gurudumu la akiba, lina jeki, spana ya nati na kipande cha sponji tu. Nilipopiga simu, muuzaji akaniambia, "Mama, haya magari huja hivyo hivyo kutoka Japani." Nikaridhika, kwa sababu gari lilikuwa linatembea vizuri na hela ilikuwa imeisha.

Kilichoniamsha ni msitu wa Mabira. Tulikuwa tunarudi, mimi na binti yangu wa miaka kumi na minne, saa kumi na mbili na nusu jioni. Tumeshapita Lugazi, tumepita Najjembe pale wauza kuku wa kuchoma wanapokimbilia madirisha, tukaingia msituni. Lori likaja mbele yetu limewasha taa zote. Nikasogea kushoto, na ukingo wa lami pale ulikuwa umelika kama mkate uliomegwa. Nilisikia mlio mmoja tu, kisha usukani ukawa mzito.

Tairi la mbele kushoto lilikuwa limepasuka ubavuni, mpasuko wa urefu wa kiganja, nyuzi za ndani zinaonekana. Pancha ya msumari ingezibwa hata pale pale. Ubavu ukipasuka, hilo tairi limekwisha, na fundi yeyote mkweli atakwambia hivyo.

Kijana wa boda boda alisimama. "Nnyabo, mna spea?" Nikamwambia hatuna. Akatazama msitu, akamtazama binti yangu, akaweka pikipiki yake nyuma ya gari na kuacha taa ya nyuma inawaka ili magari yatuone. Namshukuru mpaka leo. Tulifungua gurudumu, akalifunga nyuma ya kiti chake na kurudi nalo Lugazi na pesa niliyompa. Tulikaa ndani ya gari, milango imefungwa, kwa muda wa karibu saa mbili. Binti yangu hakulia, lakini alinishika mkono muda wote, na kila lori lililopita lilitikisa gari.

Alirudi na tairi jingine limeshafungwa. Tairi 150,000, kulifunga 10,000, safari yake 30,000. Jumla shilingi 190,000. Sikupunguziwa hata mia, kwa sababu usiku, msituni, na mtoto, huna cha kujadili. Ukinunua spea unanunua haki ya kukataa bei. Hilo nililifahamu nikiwa nimeketi gizani, na ndilo linalonifanya niandike haya yote.

Kesho yake gari lilikuwa linavuta upande mmoja, na nikikata kona kali nasikia mpira unasugua. Nikaenda kwa mzee anayeziba pancha karibu na stendi ya malori, mtu aliyefanya kazi hiyo tangu mimi ni msichana. Hakugusa kitu. Alichuchumaa, akafuta vumbi ubavuni mwa tairi kwa kidole gumba na kusoma: 185/70R14. Kisha akasoma la pili yake: 165/70R14.

"Mama, umevaa kiatu cha mumeo mguu mmoja," akasema.

Akanieleza hesabu kwenye kipande cha boksi. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya huo upana. Ya tatu ni kipenyo cha ringi kwa inchi, na inchi moja ni milimita 25.4. Kwa hiyo 165/70R14 lina urefu wa milimita 587 kutoka juu hadi chini, na 185/70R14 lina 615. Karibu sentimita tatu zaidi. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta Vitz. Moja likiwa kubwa kuliko jingine, moja linazunguka haraka kuliko mwenzake muda wote, na gia ndani zinapigana bila sababu. Kwa dharura lilitufikisha nyumbani. Kulibakiza pale ilikuwa kuua gari.

Alinifungulia mlango wa dereva na kunionyesha kibandiko kwenye nguzo ya mlango. Nilikuwa nakipita kila siku. Pale kiwandani wameandika saizi za matairi ya gari lako na upepo wake. Changu kilitaja saizi mbili, 165/70R14 na 155/80R13. Nikamuuliza inawezekanaje inchi kumi na nne na kumi na tatu zikubaliwe kwenye gari moja. Akapiga hesabu tena: 155/80R13 ni milimita 578. Ringi ni ndogo lakini ubavu ni mrefu, mwishowe zinakaribiana kwa chini ya sentimita moja. Hapo nikaelewa kwamba mtu anayetafuta spea ya bei nafuu hatafuti namba moja. Anatafuta urefu unaokaribiana, na hilo linampanulia soko.

Mimi sikumsubiri animalizie somo. Safari iliyofuata, nikiwa Kampala, kijana mmoja aliyekuwa anatembeza matairi barabarani akanionyesha 165/70R14 linang'aa jeusi, kashata zake, yaani ule mpira uliochongwa unaogusa lami, ndefu, anataka 80,000. Nikalipata kwa 60,000. Nilijisikia mjanja njia nzima.

Mzee alilipokea, akalinusa. Kweli, alilinusa. Akaingiza ukucha kwenye mfereji wa kashata, akauvuta taratibu, kisha akanipa mimi nifanye vile vile. Chini ya mfereji palikuwa na mikwaruzo, hapakuwa laini. Kingo zake zilikuwa kali kama za sabuni iliyokatwa kwa kisu. Akaniambia nitafute vinundu vidogo vilivyo ndani ya mifereji, vile ambavyo kiwanda huviweka vikiwa na kimo cha milimita 1.6, ili kashata zikiisha mpaka usawa wake ujue tairi limefika mwisho. Nilizunguka tairi zima. Havikuwepo. Lilikuwa tairi kipara lililochongwa upya kwa kisu cha moto, na kupakwa rangi. Sehemu moja kisu kilikuwa kimeingia sana. Ukipinda mpira unaona nyuzi, nyeupe, nyembamba kama uzi wa cherehani. Mimi nashona, uzi naujua. Nilipouona nilihisi tumbo limekuwa baridi, maana hilo ndilo ningeliweka chini ya binti yangu.

Halafu akalisukumia kando na kuuliza, "Na ringi iko wapi?"

Sikuwa nayo. Nilikuwa nimenunua tairi tupu. Usiku Mabira tairi tupu lingenisaidia nini? Ningelifunga kwa mikono? Spea ni gurudumu kamili: tairi, ringi, valvu, na upepo ndani, pamoja na jeki na spana inayoingia kwenye nati zako. Naona aibu kidogo kuandika jambo lililo wazi hivyo, lakini tangu siku hiyo nimeuliza madereva wengi, na wapo waliobeba tairi bila ringi, na wengine wana spea nzuri na spana isiyoingia.

Mzee alitoa gurudumu moja kwenye gari langu, akaweka boksi juu ya ringi na kuchora kwa penseli: tundu kubwa la katikati, na matundu manne ya nati. Akakata kwa wembe. Nikawa na sahani ya boksi yenye umbo kamili la habu yangu, pale gurudumu linapofungwa. Juu yake akaandika 4x100, yaani nati nne, na kutoka katikati ya nati moja hadi katikati ya ile inayoitazama ni milimita 100. Akaandika pia 54.1, ambao ni upana wa tundu la katikati kwa Toyota nyingi ndogo. Aliniambia 4x100 imeenea sana: Vitz, Starlet, Passo, Corolla 110, hata Demio na Swift. Kwa hiyo nisiulize ringi ya Vitz. Niulize ringi ya nati nne, kisha niweke boksi juu yake.

Hicho kipande cha boksi kimeniokolea pesa kuliko maneno yote. Kisekka, soko la vipuri Kampala, muuzaji mmoja aliniapia kwamba ringi aliyoshika imetoka kwenye Toyota. Nikaweka boksi. Matundu ya nati yalikaa sawa kabisa, moyo ukaruka. Lakini katikati palibaki nafasi ya milimita tatu kila upande. Ilikuwa ya Nissan March, ambayo tundu lake ni 60.1. Ringi kama hiyo huingia kwenye Toyota, na nati zinaweza kuishika, ila haikalii habu. Ikikaa pembeni kidogo tu usukani unatetemeka. Ukigeuza, ringi ya Toyota kwenye March haiingii kabisa. Yule muuzaji alipoona boksi alicheka, akaniuliza nani amenikatia. Hatukugombana.

Kule pia nilionyeshwa vile vitairi vyembamba vya akiba vinavyokuja na magari ya Kijapani, 50,000 na ringi yake. Binti yangu alikipenda kwa sababu anaweza kukibeba mwenyewe. Sikikatai kabisa, mtu anayezunguka mjini tu kinamtosha kumfikisha kwa fundi. Lakini kimeandikwa ubavuni kisizidi kilomita 80 kwa saa, na kinataka upepo wa paundi 60, karibu mara mbili ya tairi la kawaida, jambo ambalo wengi hawalijui, kwa hiyo wanakibeba kikiwa nusu tupu. Na kuna udanganyifu wa macho hapa. Kinaonekana kipya kwa sababu hakijawahi kugusa lami. Ukisoma tarehe unakuta kina umri wa gari lenyewe. Nilichoshika mimi kilikuwa cha mwaka 2004, miaka ishirini, na nilipokikunja ubavuni niliona nyufa nyembamba kama za udongo wa kiangazi. Mimi napita Mabira na Bugiri nikiwa na marobota ya vitenge. Nikakirudisha.

Tarehe inasomwa hivi: ubavuni kuna msururu wa herufi na namba, mara nyingi unaoanza na DOT, na tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka. 2504 ni wiki ya 25 ya mwaka 2004. Msururu huo mara nyingi huandikwa kamili upande mmoja tu wa tairi, na ukishafungwa upande wa ndani huoni. Muuzaji akikuambia halina tarehe, mwambie aligeuze.

Gurudumu langu nililipata Ndeeba, hapo hapo Kampala, kwenye uwanja wa watu wanaokata magari yaliyopata ajali. Corolla 110 ilikuwa imelazwa pale, mbele hakuna kitu, nyuma nzima. Ringi ya chuma, nati nne, boksi likakaa bila nafasi. Tairi 175/65R14, urefu wake milimita 583, tofauti na yangu milimita nne tu. Tarehe 1820, na sisi tulikuwa mwaka 2024. Namba ya uzito 82, yaani tairi moja linabeba kilo 475, zaidi kidogo ya 81 ya kwangu ambayo ni kilo 462. Alitaka 160,000.

Nikamwambia nitalipa, ila kwanza tairi litolewe kwenye ringi nilione kwa ndani, na gharama ya kulitoa ni yangu. Hapo ndipo wengi hukasirika. Huyu hakukasirika, na hilo peke yake lilinipa imani. Mzee alikuwa amenionya: tairi lililokimbizwa bila upepo huonekana zima kwa nje, lakini ndani ubavu unakuwa umejisaga. Unakuta unga mweusi kama wa penseli, na alama ya mviringo iliyokwaruzika kuzunguka tairi. Likiwa hivyo, siku utakayolijaza na kulibebesha mzigo litapasuka. Nikaingiza mkono na kupapasa mzunguko mzima kama mtu anayetafuta sindano kwenye kitambaa. Laini. Vidole vilitoka na vumbi la kawaida. Palikuwa na kamba moja ya pancha katikati ya kashata, imezibwa vizuri, hiyo sikuihofia. Ingekuwa begani mwa tairi au ubavuni ningeliacha.

Ringi nayo tuliizungusha juu ya mashine ya belensi. Ilikuwa na kutu ukingoni pale mdomo wa tairi unapokaa, kijana akaikwaruza kwa brashi ya waya, maana kutu hiyo ndiyo inayovujisha upepo polepole mpaka siku ya shida unakuta spea imelala. Valvu mpya 3,000. Kisha nikaomba tuijaribu kwenye gari, mbele na nyuma. Mbele kuna kaliba ya breki na nyuma kuna drami, na ringi inaweza kupita huku ikagusa kule. Ilipita kote. Tulimalizana kwa 115,000, na kulitoa na kulifunga 5,000. Jumla 123,000. Tairi jipya la saizi yangu siku hiyo niliulizia nikaambiwa 190,000, bila ringi. Wenzangu wa Busia kama kawaida walikuwa wameniambia nivuke ng'ambo ya Kenya nikajaribu huko, nikajaribu, na baada ya kubadilisha pesa sikuona tofauti.

Kuna dereva wa taksi aliyekuwa anasubiri gari lake pale pale Ndeeba. Aliangalia mambo yangu yote mpaka mwisho, ndipo akaniambia njia anayoitumia yeye. Matairi yake yakianza kuchoka hununua mawili mapya, na lile zuri zaidi kati ya mawili ya zamani analifanya spea. Historia yake anaijua, hana haja ya kulinusa. Anachonunua ni ringi tu, mara moja, basi. Nilitamani ningekutana naye mwezi mmoja kabla. Ukiwa karibu kubadilisha matairi, nakusihi ufanye hivyo na uachane na safari zangu zote za sokoni.

Shimo la buti langu limetengenezwa kwa tairi jembamba, kwa hiyo hili lilitokeza juu na ubao ukainuka vidole vinne. Nimekata godoro kuukuu nikajaza pembeni, marobota yanakaa sawa. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi nalitoa na kwenda kwa mzee kupima upepo. Mara ya kwanza lilikuwa paundi 32, mara ya tatu likawa 19. Akalimwagia maji ya sabuni, tukasubiri, mpaka kipovu kimoja kikavimba taratibu kwenye ncha ya valvu. Sindano ya ndani ilikuwa imelegea. Akaikaza, nikampa 500, akakataa.

Mwezi wa nane, karibu na Bugiri, saa tisa mchana, msumari wa inchi tatu uliingia kwenye gurudumu la nyuma. Nilisogea mbali na lami, nikaweka pembe tatu nyuma, jiwe chini ya gurudumu la mbele. Nililegeza nati kabla ya kupiga jeki. Binti yangu alizipokea moja moja akaziweka ndani ya kofia yake ili zisipate mchanga. Tulikaza kwa msalaba, ya juu kisha ya chini, ya kulia kisha ya kushoto, na tuliposhusha gari nikazikaza tena kwa uzito wangu wote. Vijana wawili walikuja kuuliza kama tunahitaji msaada, wakakuta tunafunga buti.

Busia tulifika kabla ya magharibi. Nilitaka kwenda moja kwa moja nyumbani, lakini nilipita kwa mzee kumsalimu. Alikuwa anafunga kibanda chake. Aliona gurudumu la Corolla liko nyuma ya Vitz, akanyoosha mkono bila kusema kitu, na binti yangu akaelewa kabla yangu. Akamshushia lile lenye msumari, na mzee akawasha kompresa upya.